Kosa Halifutwi, Linakatwa Mstari

Siku yangu ya kwanza kazini nilinyang'anywa penseli. Nilikuwa nimeinunua asubuhi hiyo hiyo dukani Kaloleni, karibu na chumba nilichopanga, penseli nyekundu yenye kifutio kichwani. Nikaichonga vizuri, nikaichomeka kwenye nywele, nikajiona msomi. Mkuu wa Maabara, mzee mfupi mwenye koti jeupe lililotobolewa na tindikali, alinitazama toka juu hadi chini, akanyoosha mkono, akaichomoa. Akaivunja vipande viwili na kuitupa kwenye ndoo ya taka.

"Binti, hapa tunaandika kwa wino," alisema. "Ukikosea, hufuti. Unakata mstari mmoja, mmoja tu, ili kosa lenyewe lisomeke. Pembeni unaandika kilicho kweli, unaweka saini yako. Anayefuta ana jambo analificha. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mzee."

"Hujaelewa. Utaelewa ukishakosea."

Nina miaka sabini na moja sasa. Ninyi vijana mnaosomea mambo ya maji mnakuja hapa kwangu Terrat, mnaniamkia vizuri, shikamoo bibi, halafu mnaomba niwasimulie kazi ilivyokuwa zamani. Nawaona mnavyokaa mkao wa kusikiliza hadithi tamu. Tamu sina. Nina hasira, na mtu asije akaniambia kwamba aliyeokoka hapaswi kuwa nayo. Hasira yangu na imani yangu zilizaliwa mwaka mmoja, na nimezilea pamoja.

Kazi yetu ilikuwa kupima maji ya kunywa. Huku chini ya Mlima Meru maji yanaweza kuwa maangavu, ya baridi, matamu mdomoni, na bado yakawa na ubaya. Mlima huu ni wa volkano, na mawe yake yana madini yanayoitwa floraidi. Ikiwa kidogo inaimarisha meno. Ikizidi, inayaharibu meno ya mtoto yakiwa bado ndani ya ufizi, yanaota yakiwa ya kahawia. Ikizidi zaidi ya hapo inaingia kwenye mifupa, na miguu ya mtoto inapinda. Haionekani wala hainuki. Kuchemsha hakuiondoi, maji yanapungua, yenyewe inabaki.

Mimi nimezaliwa huku huku mlimani, na meno yangu ya mbele ni kama yamelowekwa kwenye chai. Nilipokuwa chuoni Dar es Salaam wenzangu waliniuliza kama kwetu miswaki haijafika. Nikajizoesha kucheka huku nimeziba mdomo kwa kiganja. Mkuu wa Maabara alipoona hivyo alinikemea. "Toa mkono! Hayo meno ndiyo cheti chako. Mwenye meno hayo hawezi kuidharau kazi hii." Laiti angejua.

Miezi mitatu ya kwanza nilisafisha chupa tu. Chupa za kazi hii ni za plastiki, kwa kuwa floraidi haipatani na kioo. Ukifika kwenye bomba au chemchemi, unaisuuza chupa mara tatu kwa maji yale yale utakayoyachukua, ndipo unaijaza. Hayo maji ndiyo sampuli. Lebo unaiandika papo hapo, mguu wako ukiwa bado kwenye tope, kwa maana chupa ikishajaa hakuna jicho linaloweza kujua ilitoka wapi. Maabarani unazamisha kifimbo cha umeme kiitwacho elektrodi, na mita inakusomea kiasi. Kila asubuhi kabla ya kuanza unaijaribu mita kwa maji ambayo kiasi chake unakijua tayari, maji ya kulinganishia. Mita ikikudanganya asubuhi, itakudanganya mchana kutwa. Lakini mita hazidanganyi sana. Kazi yote ilisimama juu ya jambo moja dogo, kwamba aliyeandika ile lebo alisema kweli.

Nilikaa maabara ya mjini miaka saba, nikahamishiwa kituo kidogo Engutoto, kisha nikaazimwa kwa mradi wa visima vya vijijini. Mradi wenyewe siutaji jina. Ulishakufa, na maiti hatukanwi, ingawa huyu angestahili. Kiongozi wetu alikuwa Meneja wa Mradi, bwana mmoja wa shati jeupe lisilopata vumbi hata kiangazi. Alifungua kila kikao kwa sala ndefu, macho amefumba, sisi tumesimama tukibadilisha miguu. Hadi leo mtu akisali kwa sauti nzuri mno mbele yangu, nafumbua jicho moja nimwangalie mikono.

Kisima chetu cha mwisho kilichimbwa katika kijiji kimoja cha wafugaji upande mkavu wa mlima. Nitakiita Kisimani. Nilipopima maji yake, mita ilipita kiwango kinachoruhusiwa kwa mbali sana. Nikailinganisha upya, nikapima tena, jibu lile lile. Siku hiyo mbuzi wa sherehe walikuwa wamekwisha fungwa kamba, utepe wa kukatwa na mgeni rasmi umekwisha nunuliwa. Nikampelekea Meneja daftari.

"Mama Joshua, hiyo mashine yako mbovu."

"Si mbovu, Meneja. Nimeilinganisha mara tatu."

"Watu hawa wanatembea nusu siku kufuata maji ya bwawa wanayogombania na ng'ombe. Unataka nikawaambie warudi bwawani?"

"Nataka tuwaambie ukweli, halafu tutafute njia."

"Njia ipi? Mradi huku unafungwa mwezi ujao." Akashusha sauti, akawa kama kaka. "Sikiliza, dada yangu. Kule juu msituni kuna chemchemi nzuri, unaijua. Jaza chupa moja pale. Lebo andika ya kisima. Yale maombi yako ya ukuu wa maabara nitayabeba kwa mikono yangu."

Nilipanda. Hakuna aliyenisukuma mgongoni. Nilipanda kwa miguu yangu mwenyewe hadi chemchemini, nikaisuuza chupa mara tatu. Hata katika uongo nilifuata utaratibu! Nikaijaza, nikaandika lebo: Kisima cha Kisimani. Nikarudi, nikapima, nikatia wino kwenye ukurasa mpya wa daftari, nikaandika cheti, nikaweka saini. Ukurasa ule hauna mstari hata mmoja uliokatwa. Ndio ukurasa msafi kuliko zote nilizoandika maishani.

Cheo nilipata. Nikakaa kwenye kiti cha ukuu wa maabara ya mradi miaka tisa, nikawa na mimi nawanyang'anya wasichana penseli na kuwahubiria kuhusu wino. Mimi! Kisha wafadhili wakaondoka, ofisi ikafungwa. Nilikuwa na miaka arobaini na saba, mjane, mwanangu Joshua yuko Mwanza na maisha yake. Walinipa barua ya mistari minne na saa ya ukutani. Meneja alitusalia sala ya kutuaga. Siku ya pili yake nilisikia amekwisha pata mradi mwingine.

Msidhani nilikimbilia kanisani. Kanisani nilikuwepo tangu nibatizwe, kama mabenchi yalivyokuwepo. Niliimba kwaya sauti ya pili, nikatoa sadaka, nikarudi nyumbani. Baada ya ile barua nilipewa pole za kila aina. Mama mmoja wa kwaya alinishika mkono akasema, "Yote ni mapenzi ya Mungu, mama." Nilitamani kumuuliza kama Mungu ndiye aliyeipiga chapa ile barua. Nilikaa chumbani Kaloleni nikiisikiliza saa yao ikigonga, nikiwa na hasira na Meneja, na wafadhili, na serikali, na marehemu mume wangu kwa kuniacha. Mtu mmoja tu sikumgusa katika hesabu hiyo, na ninyi mnamjua.

Jumapili moja ya mavuno, baada ya ibada, tukatoka nje kwenye mnada. Usharikani kwetu anayekosa fedha huleta alichonacho, kuku, ndizi, maziwa, nacho kinanadiwa pale uwanjani, sadaka inaongezeka na watu wanacheka. Mzee wa kanisa akainua ndizi, akainua jogoo. Kisha mama mmoja mgeni, mwenye shanga shingoni na shuka la Kimasai, akampa bintiye bakuli la mayai alipeleke mezani.

Mtoto alikuwa na miaka kama minane. Alitembea akiyumba, magoti yanagongana na nyayo zimetupwa nje, bakuli ameling'ang'ania kifuani yasidondoke. Kelele za mnada zilikatika. Watu walitazama chini. Mimi nilitazama miguu, kwa sababu miguu ile nilikuwa nimeiona vitabuni, pamoja na maelezo yake.

Nikamsogelea mama yake. "Karibu, mama. Mmetoka wapi?"

"Tumetoka Kisimani. Nimemleta hospitali, tumefikia kwa dada yangu. Huyu anaitwa Nashipai."

"Maji ya kunywa mnachota wapi huko?"

Akanishangaa. "Si tuko na kisima! Cha mradi. Maji safi kabisa, yalipimwa. Karatasi iko ofisini kwa mwenyekiti, wameiwekea na kioo."

Nilinunua yale mayai bila kusikia nimetaja bei gani. Sikuyala. Yaliozea jikoni.

Jumanne nilikwenda kwa Mchungaji. Alikuwa kijana kuliko mimi, mtu mpole, mwenye bustani ya sukuma wiki nyuma ya nyumba. Nilimweleza yote, chemchemi, lebo, cheo. Alisikiliza jembe likiwa mkononi. Kisha akasema lile ambalo wachungaji wamezoea kusema.

"Mama Joshua, ukitubu, Mungu anafuta. Hakumbuki tena. Nenda kwa amani."

Nililipuka. Wapita njia walisikia. "Afute? Mchungaji, mimi nimefundishwa kazi na mtu aliyevunja penseli yangu siku ya kwanza! Sisi hatufuti! Ile miguu imefutwa? Nenda kaitazame kama imefutwa! Unanipa amani ya nini wakati mtoto anayumba?"

Nikamweleza habari ya wino na mstari mmoja. Nilikuwa nalia kwa ghadhabu, si kwa huzuni. Mchungaji hakunibembeleza. Alikaa kwenye tuta lake la mboga. Kisha akaniuliza swali ambalo nimelifanyia kazi toka siku ile.

"Basi kata huo mstari, mama. Lakini ulisema pembeni inaandikwa kweli. Pembeni utaandika nini?"

Hapo ndipo nilipoanza kumwamini Mungu. Kabla ya hapo nilikuwa naamini kwaya. Nilirudi nyumbani nikasali kwa mara ya kwanza sala isiyokuwa na maneno ya wengine, na ilikuwa sala ya ugomvi. Nilimwambia Mungu kwamba sitaki anifariji. Nataka anipe kazi. Ninyi mnaozungumza juu ya kupata amani mkiokoka, hongereni. Mimi nilipewa zamu.

Nilikwenda Kisimani wiki iliyofuata, na Mchungaji akanisindikiza. Mwenyekiti wa kijiji aliitisha mkutano kwenye darasa la shule. Nilisimama mbele nikasema jina langu, nikasema cheti kile ni cha kwangu na ni cha uongo. Nilitegemea watanirukia kwa sababu ya watoto. Wa kwanza kusimama alikuwa Mwenyekiti.

"Kaa chini, mama. Unataka kutufungia kisima? Bwawa limekauka. Tunywe vumbi?"

Na watu wakamshangilia yeye! Nilielewa siku hiyo jinsi uongo unavyomfunga hata uliyemdanganya. Maji yale mabaya ndiyo maji pekee waliyokuwa nayo. Ndipo mama yake Nashipai akainuka polepole.

"Mimi nilikuwa na mimba ya huyu siku mlipofungua," alisema. "Mimi ndiye niliyechota ndoo ya kwanza. Walinipiga na picha. Ungetuambia tu, ningejua ninampa nini mtoto wangu. Ningebeba ya chemchemi kwa mgongo, huyu mmoja anywe."

"Nisamehe, mama yangu."

"Msamaha kaa nao kwanza. Mimi nataka maji."

Nikaomba cheti. Kikatolewa kwenye fremu yake. Mbele yao nikakata mstari mmoja kwenye ile namba, pembeni nikaandika namba ya kweli niliyoibeba kichwani toka siku ile, nikaweka saini. Wengi hawakuelewa nafanya nini. Mama Nashipai alielewa.

Sasa niwaambie kuhusu mkaa wa mifupa, maana ndiyo kazi niliyoifanya katika nusu ya pili ya maisha, bila cheo wala koti jeupe. Mfupa wa ng'ombe ukichomwa ndani ya tanuri lenye hewa kidogo, unageuka mkaa unaoshika floraidi. Unausaga chenga, unaziosha, unazijaza kwenye ndoo, maji yanapita taratibu na kutoka salama. Siri iko kwenye moto. Ukichoma kidogo mno, mfupa unabaki wa kahawia na maji yananuka. Ukichoma mno, unakuwa mweupe na hauna nguvu ya kushika kitu. Unatakiwa mweusi. Na baada ya miezi kadhaa chenga zinachoka, zinabadilishwa, na wa kujua zimechoka ni mita tu. Mita ya zamani niliazimwa na chuo kimoja, nikaitunza kuliko macho yangu.

Mifupa niliipata Kaloleni, kwa Mzee Rajabu mwenye bucha. Siku ya kwanza alinitania. "Mama Joshua, umefungua genge la supu?"

"Ya kuchujia maji ya watoto, mzee wangu."

Akaacha kucheka. "Ng'ombe tu? Asije akaingia humo yule mnyama wenu."

"Ng'ombe tu. Njoo uone tanuri mwenyewe."

Akaja kweli hadi Terrat na kanzu yake, kwenye kiwanja alichoniachia marehemu, nilikokwisha hamia, akakagua kila gunia. Toka siku hiyo aliniwekea mifupa kila wiki hadi alipofariki. Majirani ndio walionichukia. Mifupa ikiungua inanuka, na mama wa kwaya aliyeniambia habari ya mapenzi ya Mungu alipeleka malalamiko juu yangu serikali ya mtaa. Nikamkumbusha kwamba yote ni mapenzi ya Mungu.

Makanisa yalianza kuniita nitoe ushuhuda. Walitaka niseme Mungu alinitoa maabara ili anipe huduma kubwa zaidi. Mara moja, kwenye semina, mwongozaji alinipokonya kipaza sauti kwa sababu nilisema Mungu hana haja ya kupinda miguu ya mtoto ili Mama Joshua apate kazi ya maana. Miguu ile ilipindwa na mimi pamoja na Meneja. Mungu alichofanya ni kutoniruhusu nikae nyumbani nikisikiliza saa.

Kila mwezi nilikwenda Kisimani na mita. Sikwenda mikono mitupu, mkono mtupu haulambwi. Nilipita sokoni nikanunua majani ya chai, sabuni, na pande la magadi la kulainishia makande, maana mahindi makavu na maharage bila magadi yanakula kuni siku nzima. Wanawake walinifurahia kwa hayo magadi kuliko kwa ndoo zangu. Watoto walinizoea, wakaniita koko, ndivyo wanavyomwita bibi. Nashipai alikua. Madaktari walimnyoosha kadiri walivyoweza, akatembea na fimbo, akaolewa, akazaa binti akamwita Neema. Ndoo ya kwanza ya chujio nyumbani kwake niliijaza mimi mwenyewe, mimba ikiwa bado changa. Nikasema moyoni, huyu ndiye atakayeandikwa pembeni.

Miaka saba baadaye Neema aling'oa meno ya utoto. Nilifika siku moja akanikimbilia, akacheka, na meno mapya ya mbele yalikuwa ya kahawia.

Ninaona aibu kusimulia nilichofanya. Nashipai alikuwa nje na wanawake wenzake, mtoto wake wa pili, Nasieku, anayenyonya, akiwa mgongoni. Nilimfokea mbele yao wote.

"Chenga hukubadilisha! Umempa maji ya kisima! Nimetembea na mifupa mgongoni miaka yote hii, na wewe umeshindwa kugeuza ndoo?"

"Nimebadilisha, koko," alisema. "Kila uliponiambia."

"Usinidanganye!"

Nikatoa mita. Nikailinganisha, nikapima maji ya ndoo yake. Yalikuwa safi. Nikapima tena. Safi. Nikakaa kwenye kigoda. Nashipai amelelewa vizuri kuliko mimi. Akanipakulia makande. Nilikuwa kwenye kijiko cha tatu nilipomwona akifungua kikopo, akamega magadi kwa mawe mawili, akatia kwenye sufuria ya jioni. Magadi niliyomletea mimi.

Nikaomba kipande. Nikakiyeyusha kwenye maji ya chujio, yale safi, nikazamisha elektrodi. Mita ilipanda mpaka nikadhani imekufa. Magadi hukusanywa penye maji ya chumvi yaliyokauka juani, yanabeba floraidi ya mlima mzima. Mtu yeyote mwenye akili angejiuliza. Lakini nani huku kwetu anapima magadi? Mama yangu aliyatia, na mama yake. Kikopo changu cha magadi kiko jikoni toka niolewe. Maisha yangu yote nimepima kila tone linaloshuka mlimani, na sikuwahi kupima sufuria. Meno ya mwanangu Joshua ya kahawia nilikuwa nikiyalaumu maji ya Kaloleni.

Wanawake walikuwa bado wamesimama. Nikasimama na mimi. Niliwaambia Nashipai hana kosa, kosa ni langu, na sumu imetoka mikononi mwangu kila mwezi nikiiita zawadi. Nashipai alinitazama, fimbo mkononi, mtoto mgongoni.

"Mama yangu ulimpa karatasi," alisema. "Mimi umenipa magadi. Huyu mdogo utampa nini?"

Nilirudi na magadi yote ya kijiji kile niliyoweza kubeba, nikayafukia kiwanjani kwangu. Nilimwambia Mungu maneno ambayo hayasemeki. Kisha nikaanza tena, usharika kwa usharika, jiko kwa jiko, na kazi hii ilikuwa ngumu kuliko ya mifupa. Maji watu wanakubali yana ubaya. Makande ya mama zao, hapana. Walinicheka. Mchungaji mwenyewe, rafiki yangu, alisema makande yasiyo na magadi ni adhabu. Nikawafundisha kuloweka mahindi na maharage toka jana yake, kumwaga maji, kupika taratibu tangu asubuhi. Wengine walifuata, wengi wanayatia hadi leo, na nikisikia harufu yake kwenye sherehe naondoka bila kuaga.

Mwaka jana mikono ilikataa kushika elektrodi, nikaikabidhi mita kwa mwalimu wa Kisimani. Huko ndiko kustaafu kwangu, hakukuwa na saa ya ukutani. Mnaniuliza kama nimepata amani. Mama yake Nashipai alifariki bila kuniambia amenisamehe, na alikuwa na haki. Meneja nimesikia anajenga nyumba nzuri Njiro. Bado nikimkumbuka meno yanasagana, na kila Jumapili namwombea kwa kulazimishwa. Nimesamehewa, hilo nalijua kwa hakika kama ninavyoijua floraidi. Lakini nilichofanya kinasomeka bado, na nitakapofika mbele za Mungu sitaomba kifutio.

Mwezi uliopita nilialikwa Kisimani, Nashipai akatuma bodaboda anichukue. Nilikuta sufuria iko motoni tangu asubuhi. Neema, msichana mkubwa sasa, alinisalimia akiwa ameziba mdomo kwa kiganja, nami nikautoa mkono wake kwa nguvu, kama mimi nilivyokemewa nitoe wangu. Tukala. Nasieku, yule aliyekuwa mgongoni, ana miaka saba. Alikaa karibu yangu akageuza chakula mdomoni, akakunja uso.

"Koko, haya makande magumu."

Nilimshika kidevu nikamgeuza kwenye mwanga. Meno mapya mawili ya mbele, mapana, bado yana misumeno kwenye ncha, meupe kama maziwa. Nashipai alikuwa ananiangalia mimi, si mtoto.

"Tafuna," nilimwambia. "Meno unayo."